Baba akiitwa kliniki aulizwe pia kuhusu sigara

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niongelee moshi wa sigara na wajawazito, maana huku kwetu Manzese ni jambo la kila siku na hakuna anayelisema. Tunapenda kujitetea kwamba wanawake wetu hawavuti, sawa, wengi hawavuti, ila shisha ilipigwa marufuku 2016 na mpaka leo wapo wadada wanavuta kwa kujificha, na hao wasiovuta wanalala chumba kimoja na mume anayevuta, dirisha moja, pazia limeshushwa, vishungi vimejaa kwenye kisosi pembeni ya godoro.

Kinachoniuma watu wanadhani madhara yake ni kikohozi tu. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, gesi ile ile ya jiko la mkaa lililofungiwa ndani, na inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kushinda oksijeni, kwa hiyo mtoto tumboni anakosa hewa, mwili wake unahangaika kutengeneza chembe nyekundu nyingi kupita kiasi mpaka damu inakuwa nzito. Nikotini nayo inabana mishipa, kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya wakati, mama anavuja damu, mtoto anazaliwa njiti. Na kwa njiti ndo kuna balaa, mishipa ya kichwani bado laini, vitu vya kugandisha damu bado vichache, anaweza kuvujia damu kwenye ubongo.

Tena hata aliyetimiza miezi yake anazaliwa na vitamini K kidogo sana, ile inayosaidia damu kuganda, ndo maana anachomwa ile sindano ya pajani. Kuna mabibi wanagomba eti kitoto kidogo hivi mnakichoma cha nini, jamani bibi zetu mwacheni achomwe, bila hiyo anaweza kutokwa damu kitovuni au tumboni wiki ya kwanza tu, wengine hata baada ya miezi.

Ombi langu kwa manesi, hudhurio la kwanza la mjamzito kliniki baba huwa anaitwa apime VVU, basi hapo hapo aulizwe anavuta na anavutia wapi, na mama naye aulizwe ila taratibu, maana dada akiulizwa kwa ukali ataficha. Na wewe baba kama kuacha kumekushinda kwa sasa, toka nje kabisa uende mbali, kusimama mlangoni moshi wote unarudi ndani.

Msomaji wenu, Manzese, Dar es Salaam