Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mikutano ilifanyika kama katiba inavyotaka, na hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia baridi ya maji mabwawani, maana ndiyo iliyotuumiza sisi wafugaji wa samaki mwaka huu.

Nianze na kosa langu. Nilipokea vifaranga vya sato asubuhi, mifuko ingali na uvuguvugu, nikavimimina bwawani papo hapo. Maji yalikuwa nyuzi 17. Haikuchukua muda vikalala ubavu, matamvua yakipepea kwa shida. Mchana jua lilipopasha maji vingi viliinuka, nikashukuru Mungu. Siku ya sita vikaanza kuelea, ngozi imeota kuvu jeupe kama pamba.

Wengi wetu tulilaumu kuvu. Kuvu lilikuta mlango wazi tu. Samaki hufuata joto la maji: yakipoa kwa nyuzi 10, kasi ya shughuli za mwili wake hushuka hadi karibu nusu, na kinga hulegea pamoja nayo. Tena matamvua si ya kupumulia tu. Ndiyo yanayozuia chumvi ya damu isivujie kwenye maji baridi, na baridi ya ghafla huikwamisha kazi hiyo. Kifaranga, kwa udogo wake, ana eneo kubwa la ngozi na matamvua kulinganisha na uzito, hivyo huishiwa chumvi upesi kuliko mkubwa. Baridi ikija taratibu, kwa siku kadhaa, seli hubadilisha mafuta ya kuta zake yabaki laini. Mimi sikuvipa hata nusu saa.

Katika mkutano wa tatu kuna mwenzetu alishikilia kwamba maji baridi ni mazuri kwa kuwa yana oksijeni nyingi. Ni kweli: nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 kwa lita, nyuzi 30 hubeba 7.5. Kwa wafugaji wa trauti, samaki wa maji baridi, hoja hiyo ina uzito. Sato wangu hawakufa kwa kukosa hewa.

La chakula lilizua mjadala mrefu zaidi. Chini ya nyuzi 16 hivi sato huacha kula, na unachomwaga huoza chini ya bwawa. Kwa hiyo tupunguze. Ila baridi ikidumu wiki nyingi, kifaranga mwenye akiba ndogo ya mafuta hufa njaa kabla ya mkubwa wake. Dawa ni kuwanenepesha mapema, na mimi napinga kabisa kutotolesha vifaranga msimu wa joto unapoelekea kuisha, hata wateja wakisukuma.

Kamati imekubaliana: mfuko uelee bwawani dakika 20, kisha maji ya bwawa yaongezwe kidogo kidogo; tofauti ikizidi nyuzi chache, tusubiri zaidi. Joto lipimwe alfajiri, chini, siyo juu saa sita mchana. Kipimajoto cha chama kiko kwa katibu. Aliyekiazima mwisho alikirudisha bila kamba, tunaiomba.