Mkataba wa bodaboda useme oili ananunua nani

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni bodaboda hapa Morogoro, mwaka wa 6 huu, na nimeona pikipiki nyingi za kijiweni kwetu haziuliwi na ajali, zinauliwa na oili.

Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ya mkataba, yaani unampelekea bosi hesabu mpaka chombo kiwe chako. Mkataba umetaja hesabu ya kila siku, umetaja faini ukichelewesha, oili haijatajwa popote. Sasa mimi nasema chombo bado si changu, bosi nae anasema chombo si unacho wewe, basi nikawa nanunua ile ya kupima inayouzwa kwenye chupa za maji, nikiona imepungua naongezea juu kwa juu simwagi. Miezi 8 tu ikaanza kutoa moshi wa bluu, asubuhi ukipiga kiki inagonga ko-ko-ko. Fundi akafungua nati ya chini, oili ikatoka nyeusi, nyepesi kama maji ya mkaa, akaifikicha kwenye vidole viwili akaniambia sogea juani uangalie, nikaona vitu vinameta vidogo vidogo. Akasema hiyo ndo injini yako inasagika. Pistoni, ringi, kuchonga silinda, beringi ya konrodi, laki 3 na nusu ikaenda, na hesabu ya wiki nzima bosi anaidai vilevile.

Wengi tunajua oili inalainisha tu. Kweli inakaa katikati ya chuma na chuma visikwaruzane, lakini pia inatoa joto na inazoa uchafu, na ikishashiba uchafu yenyewe inageuka msasa, ndo maana kuongezea bila kumwaga hakutoshi. Halafu pikipiki zetu hizi oili ni moja tu kwa injini, giaboksi na klachi, kwahiyo kuna oili za gari zina utelezi mwingi, ukiweka klachi inateleza, injini inanguruma mlimani chombo hakipandi na abiria anashuka. Angalieni kopo kama limeandikwa JASO MA, hiyo ndo ya klachi inayolowa oili.

Bosi niliyenae sasa ameandika kwenye mkataba kabisa, kila wiki 2 yeye ananunua lita 1, mimi namwaga ya zamani mbele yake. Napiga kama kilomita 100 kwa siku, huu mwaka wa 3 na injini haijafunguliwa. Wamiliki wengine naombeni mfanye hivyo, lita moja haiwezi kushindana na laki 3 na nusu jamani.

Na wale wanaokagua petroli vituoni wapite na kwenye vibanda vya oili pia. Juzi kuna mtu kaja kijiweni anataka kununua makopo matupu, ila anataka yenye vifuniko vyake na lebo isiyochanika. Hatukumuuzia, tulihofia anaenda kujazia oili feki. Siku hizi tukimaliza kopo tunalitoboa na bisibisi hapohapo.

Dereva bodaboda,
Morogoro