Tumesoma zoolojia bila kugusa mnyama

Bwana Mhariri,

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja alileta vinyonga wawili ndani ya kikapu, aliwatoa kwenye migomba ya kwao, mmoja iko na pembe tatu mbele ya uso na mwingine hana hata moja, akaniuliza mbele ya darasa zima: mwalimu, hawa ni aina mbili ao ni bwana na bibi? Mimi niko na lisansi ya biolojia, niliipata hapa hapa Bukavu na distinksyo, na sikuwa na jibu. Jioni nikatafuta kwenye simu. Ni dume na jike, mwenye pembe ndiye dume, na ni kinyonga wa milima yetu hii. Silabisi yangu ya chuo iko na kurasa na kurasa za reptilia lakini juu ya huyu hakuna hata mstari mmoja.

Sitaki kutukana maprof, wengi wanajua kazi yao na mshahara wao sote tunaujua. Kinachoniuma ni kusikia kwamba wanafunzi wa biolojia wameridhika na kozi. Nani aliwauliza, na aliwauliza namna gani? Sisi tulipewa fishi ya maoni siku tunangoja matokeo, juu kuna nafasi ya jina na matrikule (nambari ya mwanafunzi), asista amesimama pale anakusanya. Wote tukatia alama kwenye "vizuri sana". Na mimi pia.

Ukweli ni kwamba TP (somo la vitendo) ya chura tuliifanya zaidi ya watu sitini na chura mmoja, waliokaa mbele waliona, sisi wa nyuma tulichora ile picha ya ubaoni. Kwamba moyo wa chura una vyumba vitatu nilikariri vizuri na nikapata pointi zangu, ila huo moyo wenyewe mpaka leo sijauona, na franga za TP tulilipa pamoja na minervali (karo ya chuo).

Kuna siku moja tu nilifurahi kweli. Asista mmoja alituambia tuje ziwani Jumamosi asubuhi sana, wakati ile mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja inarudi na taa zake, kila mtu akanunua sambaza, wale samaki wadogo, za mkono mmoja, tukazipasua na wembe juu ya kipande cha kartoni, kisha tukapeleka yaliyo tumboni kwenye mikroskopu moja tuliyokuwa nayo. Vidudu vya maji, vidogo kuliko punje ya chumvi! Ndipo akatueleza kwamba sambaza si wa ziwa Kivu, walitolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu wafike kuna aina ya kidudu cha maji iliyopotea humu kabisa kwa sababu walikila. Watu waliuliza maswali mpaka saa sita za mchana, hata wale ambao darasani hawafunguagi mdomo. Sambaza hizo tumezila tangu utoto jamani.

Najua usafiri ni bei na barabara si za kuaminika siku hizi, basi sidai kila mtu apelekwe Kahuzi-Biega kuona gorila. Lakini ziwa liko pale chini, unashuka na miguu. Lwiro nayo, kituo cha utafiti chenye mikusanyo ya wanyama tangu wakati wa Wabelgiji na sokwe wanaotunzwa pale tangu 2002, haifiki hata kilomita sitini kutoka hapa, mara moja katika miaka yote ya masomo haishindikani.

Ninachoomba ni kwamba fishi itolewe kabla ya mitihani, bila jina, na majibu yabandikwe kwenye valve (ubao wa matangazo) kila mtu ayasome. Na franga za TP, wenye kuzipokea watuandikie hapa hapa kwenye gazeti hili zilinunua nini mwaka jana, vyura wangapi, mikroskopu ngapi.

Mwalimu wa biolojia, Bukavu