Mwanangu, goti kwanza

Jambiani, Unguja

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nyumbani sote wazima, alhamdulillahi. Bibi yako anakusalimia na anauliza kama huko dakhalia mnakula mkashiba.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka mwisho wa mwaka uingie triathlon ya wakubwa, mbio za michezo mitatu mfululizo: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kisha kukimbia kilomita 5. Una miaka 14. Jibu langu ni hapana, si mwaka huu. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu hapana kavu hukuistahiki.

Kwanza nikuombe radhi. Siku ile ya mashindano ya watoto nilisimama pale mnapotoka kuogelea mkachukua baiskeli, karibu na yako. Ulitoka majini wa pili. Vidole vinakutetema, ukavaa kofia ngumu, ukafunga mkanda chini ya kidevu, ndipo ukaishika baiskeli, kama kocha alivyokufunza, maana anayeitoa baiskeli kabla hajafunga mkanda huadhibiwa. Nikajisemea, huyu wangu huyu. Kisha uliporudi barabarani ukaanza kukimbia, nikaona mguu wa kulia unauburura. Niliuona kabla ya mtu yeyote. Na wiki mbili kabla nilikuona umekaa barazani ukikisugua kile kinundu chini ya pia ya goti, nisikuulize. Nilitaka umalize. Majirani walipiga vigelegele, nami nikapiga pamoja nao. Nisamehe, mwanangu.

Daktari alinieleza nikaelewa. Umri wako huu mfupa unarefuka haraka, misuli na kano zinachelewa kuufuata. Kano ya goti inavuta pale ambapo mfupa haujakomaa, na kila unapokimbia au kuruka inavuta tena. Ukilitunza litatulia, na kwa kawaida huisha mifupa ikimaliza kukua. Ukililazimisha litakula miezi yako. Kuogelea endelea nako maadamu goti halilalamiki. Baiskeli uende kwa gia nyepesi. Na kile kiti tukipandishe! Tangu tuinunue baiskeli hatujakigusa, na wewe umerefuka kama mpapai. Kiti kikiwa chini, goti linakunjwa kupita kiasi na mzigo wote linaubeba lenyewe.

Watu wanadhani mchezo huu ni pumzi tu. Pumzi unaweza kuijenga hata ukiwa na miaka 25. Mkono wa kuogelea, jinsi unavyoyashika maji na kuyasukuma nyuma, jinsi unavyogeuza uso kuvuta hewa bila kuinua kichwa, hivyo huingia mwilini utotoni, na anayevikosa huhangaika navyo ukubwani. Ndiyo maana kocha anawarudisha kwenye vitu vidogo mnavyovichoka: kuelea, kuteleza majini, kupanda na kushuka baiskeli bila kuyumba, kukata kona mkono mmoja ukiwa kwenye breki. Na ile ya kuendesha dakika 15 kisha kushuka na kukimbia dakika 5 tu, ili miguu izoee ule uzito unaousema kila siku, kama mtu amekufungia magogo. Hayo ndiyo mafunzo ya umri wako. Masafa yapo, hayakimbii.

Nami nimekutengenezea utaratibu, nimeupata kwenye maji yetu wenyewe. Bibi yako alianza mwani mwaka 1989, ulipoanza kulimwa hapa na Paje, na ndiye aliyenifundisha kuusoma mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hukauka mnamo saa nne asubuhi, sisi tunashuka kufunga mwani, na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Hizo ndizo siku zako za kuogelea ukiwa likizo, upande wa ndani wa mwamba unaokinga mawimbi, na mtu mzima akiwepo. Peke yako hata siku moja. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, alasiri maji huwa yamepungua, basi hizo ni za baiskeli mpaka Makunduchi. Upepo wa kusi ukikupiga usoni wakati wa kwenda, usishindane nao. Inama, kanyaga pole, kurudi utakusukuma. Kukimbia ni mchangani tu, na siku goti likisema hapana unakwenda kwa miguu.

Kocha alinionesha kwenye simu yule dada wa Bermuda anayeshindana mchezo huu wenu, Flora Duffy. Visiwa vyao vina watu wapatao 64,000 tu, Pemba ni kubwa kwao mara nyingi. Alianza mtoto mdogo. Mwaka 2008, kwenye Olimpiki ya Beijing, hakumaliza mbio, akauacha mchezo kwa muda. London 2012 akawa wa 45. Rio 2016 akawa wa nane. Tokyo, mwaka 2021, ana miaka 33, akachukua dhahabu, ya kwanza katika historia ya nchi yao. Mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli, kilomita 10 za kukimbia. Sikuambii utakuwa yeye. Nahesabu tu miaka iliyopita kati ya kushindwa kwake na siku ile, nakuta ni 13, karibu sawa na umri wako wote.

Kwa hiyo Disemba utashiriki zile fupi za watoto kama goti limepona. Kama halijapona, tutakaa wawili pembeni tuwashangilie wenzio, na safari hii sitaitazama saa.

Likizo yenu inaangukia bamvua, nimeshaangalia. Nina jambo moja nakuomba. Miaka yote hii nafunga mwani maji yakiwa kiunoni, na mpaka leo hata kuelea sijui. Nimeshashona suruali na kanzu fupi ya kuingilia majini. Saa kumi, maji yakijaa, unishike mgongoni kama kocha anavyowashika nyinyi. Usiniachie mpaka nikwambie.

Mama yako