Ukungu umerudi chini ya rangi mpya, na mwanangu anabanwa kifua

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili. Tangu mwaka 2021 mimi na mume wangu tumepanga nyumba ya vyumba viwili na sebule huko Tabata, Dar es Salaam. Ninakuandikia kuomba ushauri wako na wa wasomaji wenzangu, hasa mafundi, wauguzi na wale wanaozijua taratibu za upangaji, kuhusu ukuta wa chumba cha watoto ambao umeota ukungu mweusi, umepakwa rangi mara mbili, na mara zote mbili ukungu umerudi.

Nyumba yetu imeezekwa kwa slabu ya zege, na juu ya slabu hiyo limewekwa tangi la maji la lita 2,000 ambalo tunalitumia pamoja na mpangaji wa upande wa pili. Mwishoni mwa mwaka 2023, zile mvua za El Niño ziliponyesha mfululizo, boya la tangi nalo lilikuwa limekwama bila mtu yeyote kujua, kwa hiyo kila pampu ilipowashwa usiku maji yalijaa, yakamwagika, yakatuama juu ya slabu pamoja na maji ya mvua, kwa sababu slabu yenyewe haina mteremko wa kutosha kuyapeleka kwenye bomba la kutolea maji. Juu ya kona ya chumba cha watoto pana ufa mwembamba, na maji yakapata njia hapo. Sisi tulianza kuona doa la rangi ya chai kwenye dari ya jipsamu. Wiki iliyofuata dari ilikuwa imelegea na kushuka kama tumbo, na rangi ya ukutani ilikuwa imeumuka malengelenge. Nililibonyeza moja kwa kidole, likapasuka na kutoa maji yenye harufu ya udongo uliooza.

Nilipomwomba mume wangu tusogeze kabati, ndipo tulipoona jambo lenyewe. Nyuma ya kabati, mahali ambapo hewa haipiti, ukuta ulikuwa mweusi kwa upana wa mkeka wa kuswalia, na ule weusi ulikuwa na manyoya mafupi kama kitambaa cha mahameli. Mgongo wa kabati, ambao ni wa mbao laini za kubandika, ulikuwa umeloa na kuvimba, na kanzu nyeupe ya mume wangu iliyokuwa inaning'inia ndani ilikuwa na vidoadoa vyeusi kuanzia begani hadi kiunoni. Nimeifua mara tatu na bado vipo.

Mama mwenye nyumba ni mjane, ni mtu mzima, ananiita mwanangu, na katika miaka yote tuliyoishi kwake hajawahi kutupandishia kodi. Ninalisema hili mapema kwa sababu sitaki msomaji amdhanie kuwa mtu mbaya. Tulipomwita alikuja siku ileile, akamleta fundi, boya likabadilishwa, kile kipande cha dari kilichoshuka kikatolewa, ukuta ukakwanguliwa kidogo, ukapigwa rangi. Ufa wa juu haukuguswa. Masika ya 2024 yalipoanza, ile rangi ilidumu majuma sita. Kufikia mwanzoni mwa Mei, siku zile tulizokuwa tukisikiliza habari za kimbunga Hidaya kikielekea Mafia, maji yalikuwa yanatiririka ukutani tena na vidoa vyeusi vilikuwa vinatokeza kupitia rangi mpya. Fundi akaja, akapaka rangi nzito zaidi, ya mafuta. Sasa tuko katika kipupwe, ukuta unaonekana mkavu ukiutazama kwa mbali, lakini ukiweka kiganja unahisi ubaridi wa unyevu, na pembezoni mwa dari weusi umeanza upya.

Fundi anasema ile ni chumvi tu ya mchanga, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam. Chumvi naijua, iko kwenye ukuta wa jikoni, chini karibu na sakafu, ni unga mweupe, na ukiupangusa kwa kitambaa chenye maji unayeyuka na kupotea. Huu wa chumbani ni mweusi, uko juu karibu na dari, hauyeyuki kwa maji bali unajipaka kwenye kitambaa, na unanuka. Kwa maoni yangu hivi ni vitu viwili, na ingefaa fundi yeyote anayesoma barua hii anisahihishe kama nimekosea.

Linaloninyima usingizi hasa ni mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka sita. Tangu mwanzoni mwa 2024 anakohoa usiku, kikohozi kikavu, kuanzia kama saa nane mpaka alfajiri, na akilala kifua kinatoa sauti ya filimbi. Mara mbili tumempeleka hospitali usiku akawekewa mashine ya mvuke. Tulimpa dawa za kikohozi, tukampa za mafua, tukamwacha bila maziwa kwa ushauri wa jirani, bila nafuu yoyote. Likizo ya Juni tulimpeleka kwa bibi yake Dodoma, akakaa majuma matatu, na mama yangu ananiapia kwamba hakukohoa hata usiku mmoja. Usiku wa tatu baada ya kurudi Tabata, filimbi ilianza tena. Nilipomweleza daktari habari hiyo ya Dodoma, aliacha kuuliza juu ya chakula akaanza kuuliza juu ya chumba: kuna dirisha ngapi, godoro limekaa karibu na ukuta gani, maji yanatoka wapi. Akasema ni pumu, akatuandikia dawa ya kuvuta, na akatueleza kwamba ukungu hutoa vijimbegu vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo huelea hewani na kuingia mapafuni, na kwamba dawa itamtuliza lakini haitamtosha iwapo kila usiku anarudi kulala mahali palepale. Baadaye nilisoma mwenyewe kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 unaohusisha unyevu na ukungu wa ndani ya nyumba na pumu, mafua ya mzio na maambukizi ya njia ya hewa, na kwamba tiba yake ya kwanza ni kuukomesha unyevu wenyewe.

Kaka yangu anayeishi Uingereza alinisimulia habari ya mtoto Awaab Ishak wa mji wa Rochdale, aliyefariki Desemba 2020 akiwa na miaka miwili kwa sababu ya ukungu katika nyumba waliyopangishwa wazazi wake, ambao walikuwa wamelalamika kwa takriban miaka mitatu na kuambiwa kwamba kosa ni namna wanavyoishi. Kifo chake ndicho kilicholeta, mwaka 2023, sheria ya kuwawekea wenye nyumba za umma muda maalumu wa kushughulikia ukungu. Nililia niliposikia, kwa sababu hata mimi nimeambiwa kwamba nafunga madirisha mno na kwamba naanika nguo ndani. Nguo ninaanika ndani siku za mvua, ni kweli. Lakini ukuta huu unaloa kutoka juu.

Kuna kosa nililolifanya ambalo naomba lichapishwe ili mwingine asilirudie. Mwezi Mei, kwa hasira, nilichukua jiki nikausugua ukuta mlango ukiwa umefungwa, na nilipoona weusi hautoki nikaongeza dawa ya kusafishia choo katika ndoo ileile. Ilitoka hewa kali iliyonikaba koo na kunitoa machozi, nikakimbilia nje, na nikakohoa siku mbili. Muuguzi wa zahanati alinigombeza kwa haki: jiki ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Naye mama mkwe wangu, kwa mapenzi yake kwa mjukuu, amekuwa akifukiza ubani chumbani kila jioni ili kuondoa ile harufu, na mtoto anakohoa zaidi. Sijapata maneno ya kumwomba aache bila kumvunjia heshima.

Sasa niliposhikwa ni hapa. Fundi mwingine tuliyempandisha juu ya slabu anasema kazi inayotakiwa ni kuziba ufa, kurekebisha mteremko na kubandika karatasi ya lami, kisha kubomoa plasta yote iliyooza na kuacha ukuta ukauke kabla ya kupiga plasta mpya. Gharama yake ni shilingi 1,800,000. Mama mwenye nyumba anasema hana fedha hizo, na amependekeza tuilipie sisi kisha tukate kwenye kodi, ambayo ni shilingi 350,000 kwa mwezi na tunailipa kwa miezi sita. Hataki maandishi, anasema maandishi ni ya watu wasioaminiana. Wanawe wawili wa kiume wameanza kuzungumza habari za kuiuza nyumba, na mume wangu anasema ikiuzwa, mnunuzi hatatambua makubaliano ya mdomo. Kuhama nako kunataka kodi mpya ya miezi sita pamoja na ada ya dalali, ilhali hapa tumekwisha kulipa mpaka Desemba.

Naomba kuuliza. Je, kuna namna ya kumwomba mzee kama huyu tuandikiane, labda mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, bila kuonekana tunamshitaki, na je, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya husikiliza jambo kama hili au ni la mashamba na viwanja tu? Ukuta wa matofali uliolowa kiasi hiki huchukua muda gani kukauka, maana vuli haiko mbali na naogopa kupigiwa plasta juu ya maji? Godoro la sponji lililokaa karibu na ukuta huo linaweza kuokolewa kwa jua, au nilitupe pamoja na kabati?

Kwa sasa watoto wote wawili wanalala sebuleni juu ya mkeka, na mlango wa chumba kile tumeuziba chini kwa taulo. Mwanangu amekohoa usiku mmoja tu kati ya tisa zilizopita. Godoro lipo barandani likisubiri jibu lenu.

Wenu,
Mama wa watoto wawili,
Tabata, Dar es Salaam