Mtoto kusoma falsafa na dini si balaa

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wazazi wenzangu tunaoishi Marekani ambao, mtoto akijiandikisha somo la falsafa au dini katika chuo cha jamii (community college), huona ada imetupwa na imani imeuzwa.

La ada ni jepesi. Tangu kile cha kwanza cha umma kifunguliwe Joliet, Illinois, mwaka 1901, vyuo hivi vimewawezesha wengi kusoma miaka miwili ya mwanzo kwa gharama nafuu, kisha wakahamia chuo kikuu. Hata anayelenga uuguzi au uhasibu hutakiwa kuwa na masomo kadhaa ya jumla, na mara nyingi falsafa na dini huhesabiwa humo. Mtoto amwone mshauri wa masomo, aulize kama chuo kikuu anachokitaka kitalipokea somo hilo. Aulize kabla ya kujiandikisha.

La imani ndilo linalotunyima usingizi. Mwaka 1963, katika kesi ya Abington dhidi ya Schempp, Mahakama ya Juu ya Marekani ilizikataza shule za umma kuendesha usomaji wa Biblia kama ibada, lakini ikaeleza kuwa kuisoma dini kama elimu ni halali. Basi mwalimu wa chuo cha umma hakuwekwa pale kusilimisha wala kubatiza watu, na wala hakuwekwa kuwavua imani waliyokuja nayo.

Sasa husoma nini? Nilipekua vitabu vya binti yangu (ndiyo, nilipekua) nikakuta Euthyphro, mazungumzo yaliyoandikwa na Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Humo mtu aitwaye Euthyphro anakwenda kumshtaki baba yake mzazi. Kibarua wao alimuua mtumwa wa nyumbani. Baba akamfunga kibarua mikono na miguu, akamtupa mtaroni, akatuma mtu kuwauliza wajuzi wa dini afanywe nini. Kabla jibu halijarudi, kibarua akafa kwa njaa na baridi. Ndugu wanakasirika: utamshtakije baba yako? Yeye anasema huo ndio uchaji. Hapo mwanafalsafa Socrates anamkaba: tendo la uchaji hupendwa na miungu kwa sababu ni la uchaji, au huwa la uchaji kwa sababu wanalipenda?

Mimi sikuona kufuru humo. Wanazuoni wa Mu'tazila na wa Ash'ari, madhehebu mawili ya elimu ya itikadi katika Uislamu, walibishana vikali juu ya jambo hilohilo: je, wema wa tendo hujulikana kwa akili, au hutokana na amri ya Mungu? Imam Ghazali, aliyewapinga wanafalsafa hadi leo anakumbukwa kwa hilo, aliisoma kwanza falsafa yao na kuiandikia kitabu cha kuieleza ndipo akaanza kuibomoa. Na Thomas Aquinas, mtakatifu wa Kanisa Katoliki, alimsoma kwa makini Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu, akakubali baadhi ya hoja zake na kuzikataa nyingine. Na hadi leo Ghazali na Aquinas wanaheshimiwa sana katika dini zao.

Lawama yangu ni nyingine kabisa. Katika ratiba ya somo la dini za ulimwengu niliyoiona, dini za jadi za Afrika nzima zilitengewa kipindi kimoja, tena cha mwisho wa muhula, wakati kila mtu akili iko kwenye mtihani. Kama tuna hasira za kumpelekea mkuu wa idara, tumpelekee hizo, na mtoto tumwache darasani.

Mzazi wa mwanafunzi,
Marekani