Kuhusu huo uigizaji wako

Langoni, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na mama mpe zake mbali. Sisi hatujambo. Nimekuja likizo, kusi limechachamaa, hata boti za Mokowe zinaruka.

Nimefurahi kusikia unataka kusomea uigizaji. Ila hilo la kuniuliza kama uso wako unafaa, liache. Chuoni kwetu Nairobi uso haukuulizwa. Tulianza kwa kulazwa chali sakafuni, mkono tumboni, tukifundishwa kupumua! Mwalimu anapita akikubonyeza chini ya mbavu. Mabega yakipanda tu, anza upya. Sauti ikitoka kooni peke yake itakauka kabla mchezo haujafika kati, na mtu wa safu ya nyuma naye amelipa kiingilio. Nikawakumbuka wasomaji wetu wa maulidi, usiku mzima na sauti bado iko. Pumzi hiyo wewe umekua ukiisikia.

Lililonitoa jasho ni zoezi la Mmarekani mmoja, Sanford Meisner. Mnakaa wawili, macho kwa macho. Mwenzako anasema, "Umefunga leso nyekundu." Nawe, "Nimefunga leso nyekundu." Basi, maneno ni hayo hayo, mnarudishiana. Mara unaona haya, mara unacheka, mara unakasirika kwelikweli, na hakuna aliyekwambia ukasirike. Mwalimu anachotaka ni umsikilize mwenzako, si ukae ukingoja zamu yako ya kusema.

Kwenye mswada nako, kila mstari unauandikia kitendo pembeni: hapa anabembeleza, hapa anatisha, hapa anamwaibisha. Ukiandika tu "ana huzuni", utaishia kukunja uso.

Usinitajie Lupita Nyong'o kana kwamba aliokota bahati njiani. Alishaigiza kwenye televisheni hapa Kenya, kisha akaenda kusomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akamaliza 2012. Oscar ilikuja 2014. Na London, shoga, nakuomba uiweke kando kwa sasa. RADA ya huko ni chuo cha uigizaji cha tangu 1904, jina lake kubwa, lakini ada ya mwanafunzi mgeni itawauzisha shamba. Mimi ningekuwa wewe ningejaribu Bagamoyo, Tanzania. Chuo kile kilianza 1981, siku hizi ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na maigizo yanafundishwa pamoja na ngoma na muziki. Tena utaigiza kwa lugha unayoiotea ndoto. Mimi nusu ya nguvu zangu huishia kwenye Kiingereza.

Watu watasema, hilo lijue. Mimi niliambiwa mtoto wa kike wa Lamu ameacha masomo kwenda kucheza. Baba alinyamaza, mama akanifungia mahamri ya safari.

Kwa usaili tayarisha vipande viwili, kimoja cha kuchekesha, kila kimoja dakika mbili hivi. Usichague cha kulialia. Wasaili wamechoka navyo. Jirekodi kwa simu, unitumie kabla sijapanda basi Jumapili. Na usirekodie chumbani, nenda ufukweni ambako upepo utakulazimisha kupaza.

Wako,
shogayo wa Langoni